Taa Usizime

Buger, Karatu
14 Mei 2025

Mpendwa kaka Silvanus,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Kifua chako vipi na hilo vumbi la Uarabuni? Sisi wazima wa mwili, ila usingizi umetupaa tangu ujumbe wako wa sauti wa Jumapili. Mama anashtuka kila simu ikilia. Yako haipatikani, ndiyo maana naandika haraka haraka nimpe Anitha wa jirani, anayekuja kazini huko huko.

Mwanzo sikuelewa ugomvi wenyewe, baba ndiye kanifafanulia. Vitunguu ulivyopakia vimeshalipiwa ushuru bandarini kwa mtawala mmoja. Jirani yake anataka vilipiwe tena kwa kupita tu kwake, na yule wa kwanza kwa hasira kafunga mpaka. Wao wamenuniana kwenye majumba yao, wewe unaungua juani ndani ya lori!

Foleni tungeivumilia. Kinachotutisha ni agizo la bosi wako, kwamba ikija dhoruba ya mchanga mpite jangwani, mbali na geti, taa mmezima, askari wasiwaone. Nawe unacheka, eti utafanya kama mzee na makande yake.

Kaka, baba aliposikia hivyo hakucheka.

Unakumbuka anavyotuvunja mbavu kila Krismasi: alivyokwepa kizuizi cha ushuru wa mazao na pikapu ya maharage, akapita njia ya panya kando ya msitu, kwenye ukungu, bila taa. Akasikia mgambo, akapanda mtini, nao wakaketi chini yake wakila makande yake na kumsifu mpishi. Juzi ametuambia yaliyobaki. Hakuwa peke yake. Rafiki yake Melkizedek alitangulia na pikapu ya pili, naye bila taa, akatumbukia korongoni. Akawa anamwita baba kwa jina, "Valeriani! Valeriani!" Mgambo wakaacha chakula, wakamtafuta upande mwingine kabisa. Baba alijua korongo liko wapi. Akanyamaza juu ya mti, akiogopa kukamatwa. Aliposhuka, sauti ilikuwa imekatika.

Sisi miaka yote tulijua Melkizedek alikufa kwa ajali katika safari yake mwenyewe.

Naogopa, kaka. Naogopa dhoruba itaitangulia barua hii. Hiyo kazi iache, baki kwenye foleni hata vitunguu viote. Kama umeshaingia jangwani, washa taa zote, piga honi, wakukamate. Kukamatwa si kufa.

Mama anakusalimu sana, na Noel mdogo wetu. Mama Monika, mjane wa Melkizedek, anakusalimu pia. Leo asubuhi katuletea maziwa, akaketi na baba kama kawaida yake. Bado hajaambiwa.

Mungu autulize upepo huko mpaka wakubwa hao wapatane.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuogopea,
Hyasinta

Baba kanizuia nisifunge bahasha, anataka kuandika mwenyewe hapa chini:

Mwanangu, mwenzako akiita, shuka.