Jina la Kuweka Ndani ya Wimbo

Jumatatu, 10 Juni 2024
Matatizo! Baba mdogo Soudi, mdogo wake Papa, anayefanya kazi ya relations publiques, yaani sherehe na picha, kwa Honorable mmoja, mbunge, amekuja na tabasamu lake. Jumamosi Honorable anafungua bomba la maji la mtaa wetu. Wanawake watamwimbia. Na eti mimi niongoze – mimi, ambaye hata kuita muuza mikate ni kazi!
– Koko yako njo alikuwa mwimbishaji wa Kindu yote. Sauti ulirithi. Utaweka tu jina ya Honorable pale kati.
Sikujibu. Akachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo. Watu hunifanyia hivyo kila mara.

Jumanne, 11 Juni
Wimbo naujua tangu utoto. Koko Hadidja, mama yake Papa, aliuimba akipepeta mchele, makapi yakituangukia kichwani. Kabla ya vita ulikuwa wimbo wa kwenye gare. Treni ikifika, wanawake wanapiga makofi, mwimbishaji anataja jina la anayeshuka, na wote wanalirudisha kwa nguvu. Jina lolote atakalotoa. Hawachagui. Siku hizo, anasema Koko, hata muuza chumvi alishuka kama sultani.
Nazikumbuka sana siku ambazo sikuziishi. Inawezekana? Sasa treni inakuja siku inayotaka yenyewe, na gare hakuna anayeimba.

Alhamisi, 13 Juni
Wamejaribu bomba. Maji kidogo, mekundu, halafu kimya. Rafiki yangu Odile akacheka: Honorable atatufungulia upepo!
Baba mdogo hakucheka. Amesema wataweka pipa nyuma ya ukuta, maji yatoke wakati wa picha.
– Hii haiko politike, Malaika. Njo communication. Batu banapenda kuona.
Shuleni, kwa Kifaransa, naandika kurasa mbili juu ya liberté d'expression, uhuru wa kusema, bila kutetemeka. Ni za mtihani. Kwa Kiswahili, mbele ya Baba mdogo, ulimi unakauka. Basi niseme hapa. Sichukii wakubwa. Akileta maji kweli, nitamwimbia mpaka sauti ikatike. Lakini ule wimbo ni wa kumpokea mtu aliyefika. Haya maji bado hayajafika! Sijui kama hiyo ni politike. Ndiyo ninayoamini. Na jina la Honorable siliandiki hata hapa – ona woga wangu.
Alipokuwa anatoka, Baba mdogo alisema polepole: ukiniharibia, kazi yangu imeisha. Hakuwa anatisha. Alikuwa anaomba. Alinifundisha kuendesha kinga, baiskeli yake, akikimbia nyuma yangu mpaka mtoni. Nampenda. Shida ndiyo hiyo.

Ijumaa, 14 Juni
Nimemsugua Koko miguu, nikamuuliza juu ya wakati wa vita.
Treni zilikatika. Ayoubu, mtoto wake mkubwa, kaka yao Papa na Soudi, alibaki mbali huko kusini, bila habari. Halafu kamanda mmoja akaingia mjini, na wanawake wakaamriwa kumwimbia. Bunduki pande zote. Koko akafika mahali pa jina, na mdomo, kwa mazoea tu ya gare, ukatoa: Ayoubu! Wanawake nao, kwa mazoea yao, wakarudisha kwa nguvu: Ayoubu!
Kamanda akawanyamazisha.
– Ayoubu njo nani?
Koko aliona amekwisha. Lakini jirani yake, Mama Espérance, akapiga goti:
– Mukubwa, njo jina ya heshima. Huku tunapatia bakubwa tu.
Kamanda akafurahi! Kila alipopita, alitaka aimbiwe hilo jina. Koko amecheka mpaka akakohoa, mimi nikimpigapiga mgongo. Kisha ameniambia:
– Vita yote nilimuita mutoto wangu kwa nguvu, mbele ya bunduki. Hakuna mwenye alinikataza.
Ayoubu hakurudi. Koko hajasema kwamba hatarudi.
Ule uhuru wa kwenye kitabu cha shule sijawahi kuuona. Huu nimeusikia, kwa sauti ya Koko.

Jumamosi, 15 Juni
Naandika, daftari magotini, kwenye kibaraza cha shule. Kikwembe chenye sura ya Honorable kinanibana kifuani. Pipa naliona kutoka hapa.
Baba mdogo, ndani ya koti, jasho tupu:
– Mutoto muzuri, usisahau jina.
Nimelegeza kikwembe. Amechukua tena kuwa ndiyo. Ameenda akipangusa uso.
Koko amelazimisha aletwe. Wamemweka mbele, kitambaa cheupe kichwani. Watu wote wanatazama barabara. Yeye anatazama upande wa gare.
Magari! Odile ananivuta mkono: Malaika, funga hiyo kaye, banakuita! Ngoja kidogo. Micro inapiga mluzi. Baba mdogo ananionyesha kidole gumba.
Wanawake wameanza makofi. Hawajui mdomoni nina majina mawili, la Honorable na la Ayoubu. Jina lolote nitakalotoa, watalirudisha