Dada Tulasa, Uliyekataa Jibu la Sifuri

Mwaka umetimia leo, dada yetu Tulasa Amatya, tangu moyo wako usimame ukiwa kazini, glavu zingali mikononi. Hapa Panauti Mama bado anakutengea sahani kila Jumamosi.

Ulifanya kazi ya maabara miaka ishirini na sita kule Kathmandu. Vinyama vya uvimbe wa matiti ulivikata vyembamba mno, ukavitia rangi, ukaitafuta ile protini inayozipokelea seli amri ya kukua. Ikiwa nyingi, seli huzungukwa na rangi ya kahawia, na mgonjwa hupewa dawa ya kuizuia. Isipoonekana, hapewi. Ukitaniwa kwamba umeolewa na hadubini, ulijibu, "Angalau huyu hakoromi."

Mimi ni Kedar, mdogo wako. Kuna jambo sijawahi kulisema mbele za watu, na leo nalisema.

Miaka sita iliyopita, mke wangu Ambika alipopasuliwa, nilikabidhiwa uvimbe wake kwenye chupa yenye dawa ya kuhifadhia, nikaambiwa niulete kwako siku ileile. Ilikuwa sikukuu ya Dashain. Nikapitia nyumbani kwanza. Mama akaziba pua: "Nyama ya mtu, na harufu hii, na mungu wetu mama Durga yumo ndani? Toa!" Nikaimwaga ile dawa, nikajaza maji ya bomba, nikaiweka chupa juu ya paa, juani. Nitapeleka kesho, nikasema. Mara mbuzi wa kuchinja, mara wageni, siku nne zikapita. Nilipokuletea, nikakuapia kwamba dawa haikuguswa.

Jibu likatoka sifuri. Hukuliamini.

"Kedar, kinyama hiki kimeoza. Umekifanya nini?"

"Dada, naapa..."

"Acha kuapa! Mkeo atakosa dawa kwa ajili ya kiapo chako."

Nikalia, nikasema yote.

"Mjinga mkubwa wewe," ukasema. "Haya, kaa hapo, usiguse kitu."

Ukakumbuka kile kipande kidogo alichotolewa kwa sindano kabla ya upasuaji, ambacho hospitali ilikihifadhi vizuri. Ukakiomba, ukakipima upya. Kikatoka kahawia tupu: tatu, kiwango cha juu kabisa. Ambika akaanzishiwa dawa wiki ileile.

Kwenye karatasi ya majibu uliandika tu kwamba sampuli ya kwanza iliharibika. Hukunitaja, wala Mama hukumwambia hadi unaondoka. Mama, ndiyo kwanza unalisoma hapa. Kosa lilikuwa langu.

Nilikushukuru mara moja tu, tena kwa simu. Inaniuma sana.

Tunaokukumbuka ni Mama Chandrakumari, mimi Kedar, binti yetu Sujata uliyemfundisha kuogelea, na Ambika. Kwa jibu lile la kwanza, tangazo hili la kumbukumbu lingekuwa la Ambika. Badala yake, ndiye aliyelipeleka gazetini jana asubuhi, kwa miguu yake.

Hutatutoka moyoni, dada.