Ndege wa Uzi Mwekundu

Kwa mdogo wangu Hermelinda,

Una akili timamu wewe? Nani alikutuma kuniletea maiti nyumbani kwangu, umeiviringishia uzi mwekundu kama zawadi ya Krismasi? Vaa miwani, kaa chini, usome mpaka mwisho, maana mkono wangu si wa kalamu na sitaandika mara mbili.

Salamu kwanza, nisionekane sikulelewa. Hujambo? Kifua cha shemeji Abundio kimepoa? Sisi huku ni wazima, ila goti langu linauma mvua ikikaribia, na huku mlimani mvua haijawahi kwenda mbali. Kahawa imechanua vizuri. Kuku wa kijivu ameibwa na mbweha. Salamu zimeisha.

Mjukuu wangu Zenaida unamjua. Ni mwalimu, ana mshahara, ana meno yote, na siku asizofundisha hushinda bondeni, amelala kifudifudi topeni na kamera, akimsubiri ndege mvumaji asiyezidi kidole gumba changu. Tope lote hulileta jikoni. Nilimwambia wenzake wanapiga picha za harusi na za watoto, yeye anahangaika na kitu kisichotulia hata kinapokunywa. Akanijibu, “Angetulia, bibi, ningemwendea nini?” Ndiyo adabu ya siku hizi.

Mwezi uliopita akanikokota na mimi. Eti anataka mtu wa kushika mwavuli juu ya kamera. Tukakaa chini ya ile miti ya kivuli cha kahawa, inayotoa maua meupe kama ndevu za mzee. Hakuna kukohoa, hakuna kujikuna. Nikasikia mvumo sikioni, nikadhani nyigu, nikavua kandambili nimpige. “Bibi we! Utamuua!” Kumbe ndiye yule mdogo wa kishungi cha rangi ya machungwa, anayemtafuta siku zote. Mimi niliona kitu cheusi tu, kama buni iliyoungua kikaangoni. Nilikuwa najiandaa kumwambia mtoto wa watu kwamba amemaliza ujana wake kwa kipande cha mkaa. Basi yule ndege akageuza shingo, kidogo tu, na koo lake lote likawaka kijani. Hermelinda, kijani kile sijakiona hata kwenye joho la askofu. Nikausahau mwavuli, kamera ikalowa, nikagombezwa mimi, niliyemzaa mama yake.

Sikumsifia. Nilimwambia nina njaa, turudi. Lakini Jumapili iliyofuata nilikuwa nimeshavaa viatu kabla hajaniita, na iliyofuata pia. Alikuwa akinionyesha kila picha kwenye kioo cha kamera, na mimi nikisema hii imetoka vibaya, hii afadhali.

Tatizo ni kwamba wanapungua. Maua yamejaa na ndege hawaji. Siku moja Zenaida akakuta wavu mwembamba kama utando wa buibui umefungwa kati ya miti miwili. Akaukatakata kwa kisu, akaapa kwamba atamjua mwenyewe.

Na katikati ya hayo ndiyo Alhamisi ikafika, pozole, supu yetu ya mahindi, iko motoni, na Delfino wa lori la kahawa akanipenyezea dirishani kopo lako. “Dada yako anasema ni bahati ya Zenaida. Likae chini ya mto wake, mchumba atakuja mwenyewe.” Nikadhani ni marashi. Nikaliweka mezani, mikono yangu imejaa unga wa mahindi. Zenaida akaingia kutoka shule na njaa zake, akadhani ni jibini, akalifungua.

Aliufungua ule uzi taratibu, kama anayemvua nguo mtoto mgonjwa. Kishungi cha ndege wake kikatokea, amekauka, manyoya yote yamegandishwa na asali yenu ya uganga. Akampeleka dirishani, akamgeuza shingo kushoto, akamgeuza kulia. Hakuna kilichowaka. Hakulia. Aliniuliza tu nani amekileta kitu hiki humu ndani.

Sasa hivi analala kwa mwalimu mwenzake. Akipita hapa ananiambia “Shikamoo bibi” na “Asante bibi,” kama anavyomwambia karani wa serikali. Jumapili alikwenda bondeni peke yake. Mwavuli aliufunga kwenye fimbo.

Najua unajiuliza kwa nini anikasirikie mimi wakati mchawi ni wewe. Ni kwa sababu nilimwambia nimekiagiza mimi. Ndiyo. Nilisema nimechoka kumwona hana mume, nikaagiza. Kamera ile ulimnunulia wewe, Hermelinda. Tangu mama yake afariki, wimbo wake ni kwamba bibi mdogo Hermelinda peke yake ndiye aliyemwelewa, na mimi nimeusikia wimbo huo nikimpikia. Nikamwona pale dirishani, kamera iko shingoni na ndege yuko kiganjani, na sikutaka ajue kwamba vyote viwili vimetoka mkono mmoja. Nilidhani hasira yake nitaibeba, nimebeba makubwa. Siwezi. Nyumba imenyamaza mpaka nausikia moto wa kuni.

Usiniambie kila kibanda cha sokoni, si chako tu, kinauza ndege hawa wa kuvutia wachumba. Usiniambie wasichana wanaolewa. Wewe mwenyewe hukumpata Abundio kwa ndege, ulimpata kwa mikate, na jirani zako wote wa zamani ni mashahidi.

Msalimie huyo Abundio, mwambie anywe maji ya moto aache ukaidi. Wasalimie wakwe zako, hata yule asiyenipenda.

Jumamosi panda lori la Delfino. Njoo na kila ndege uliyebaki naye kibandani, na njoo na jina la mtu anayekuletea, maana hawa wa kishungi hawakutoka kwenu mjini, walitoka bondeni kwetu, na wewe unalijua hilo. Usije kwangu kwanza kunywa uji. Shuka moja kwa moja bondeni, mkute mtoto hapo alipo, mwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba ni wewe, na umpe hilo jina.

Dada yako mkubwa,
Eufrasia