Buti Mpya za Serikali

Jumanne, Machi 1978

Basi hatimaye Serikali imemkumbuka mume wangu! Miaka yote amepiga doria Gikomba na buti zilizotoboka, na leo polisi kituoni kwao wamegawiwa mpya. Lakini zinalia, kwiyo, kwiyo, mtaa mzima unasikia. Jirani yangu Mama Achieng akaniambia, "Konstebo wako siku hizi anawapigia wezi honi." Nimecheka hadi machozi.

Mwenyewe hakucheka. Kabla ya kwenda zamu akaomba mafuta ya kupikia azipake zinyamaze. Nikamwambia yameisha.

Mkebe wa mafuta nimeuficha chini ya kitanda. Afadhali wezi wamsikie wakimbie kuliko wamvizie na mapanga. Na alfajiri nitamsikia tangu pale kona ya duka, kwiyo, kwiyo, nijue anarudi kwa miguu yake mwenyewe.