Samaki wa Mama Zaina Hana Uchawi

Rumonge, Jumatano jioni. Mvua imekatika, hasira yangu haijakatika.

Jana asubuhi niliwafundisha wanafunzi wangu wa biolojia habari za taa, yule samaki bapa wa baharini anayepiga umeme. Nilichora seli zake ubaoni: bapa, zimepangwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani, kila moja ikiwa na neva upande mmoja tu. Niliwaeleza kwamba asili ya seli hizo ni seli za misuli zilizoacha kazi ya kukaza mwili. Moja peke yake hutoa umeme kidogo mno. Neva zikiziamsha zote kwa pamoja, mtu mzima anaruka. Nikaongeza kwamba kambare wa umeme wa ziwa letu naye ana seli za kazi hiyohiyo, chini ya ngozi.

Nilijiona mwalimu kweli.

Jioni nikapita sokoni. Mkuu wa shule yetu, ambaye sote tunamwita Direkta, alikuwa ameinamia beseni la Mama Zaina, muuza samaki jirani yangu.

"Ile usiguse, Direkta, iko na umeme," Mama Zaina akamwambia.

Akamgusa yule kambare. Akapiga yowe, akaanguka kitako kwenye matope mbele ya soko zima. Badala ya kuona haya, akainuka akisema mwanamke huyu ni mchawi, ametia dawa kwenye samaki. Akalipiga beseni teke. Mchawi! Anasema hivyo mtu mwenye diplome ukutani!

Mama Zaina akanitazama. "Mwalimu, waambie."

Nikageuka, nikaenda zangu.

Chaki ilikuwa bado kwenye mkono wa shati langu, nami nikamwogopa anayesaini karatasi zangu za mshahara.

Leo hakuna aliyenunua kwake. Wanawake wa meza za jirani wamesogeza mabeseni yao mbali. Soko lilipokuwa linafungwa nikamwendea, nikamweleza habari yote ya seli, mpaka neva. Alinisikiliza huku akifunika samaki walioanza kulegea.

"Mimi najua hiyo samaki tangu mutoto," akasema. "Seli unaniambia mimi za nini? Kuja kesho, watu wakiwa wamejaa. Useme palepale alisemea yeye."

Namkasirikia Direkta. Najikasirikia zaidi.

Kesho ni siku ya soko kubwa, na siku kama hiyo Direkta hununua samaki wake asubuhi. Nitakuwa pale kabla yake.