Firigisi Niliyopewa Makambako

Ijumaa, mwezi wa saba. Baridi kali. Ukungu umelala juu ya paa la hospitali tangu asubuhi, na sasa ni saa tisa mchana. Nimekaa barazani na koti langu la kazini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani ananitazama ninavyoandika. Hajui kusoma. Nashukuru.

Kesho nilikuwa nipasuliwe. Sitapasuliwa, na kosa ni langu.

Tangu kabla ya mavuno nilikuwa nikitoka damu chooni. Nilidhani ni tumbo la kuhara, nikanywa dawa za dukani. Pale bomani Njombe, karani mwenzangu Yohana alizoea kusema, “Naona wewe umehamishiwa chooni. Mwambie Bwana DC mshahara akuletee huko.” Nilicheka naye. Ningefanya nini?

Baadaye nikaja hapa misheni, mbele kidogo ya Makambako. Daktari akanipima kwa kidole. Sitaandika nilivyojisikia. Akakata kipande cha nyama, kikapelekwa Dar es Salaam, jibu likarudi kwa barua. Kansa ya utumbo. Aliniambia kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayeshusha mzigo asije akauvunja. Alisema mpasuaji huja hapa mara moja kila miezi miwili, naye angeweza kuikata kama haijasambaa. Baada ya hapo haja kubwa ingetokea kwenye tundu tumboni, maisha yangu yote.

Nina miaka ishirini na minne. Nimemposa Eliza.

Masharti yalikuwa mepesi. Siku mbili nisile chochote, ninywe maji na chai isiyo na maziwa, na chumvi ya haluli, ili utumbo uwe mtupu. Leo waangalie ndani kwa bomba la chuma lenye taa, kesho wakate. Dresa wa hapa, msaidizi wa daktari, mzee ambaye wote humwita Baba Simoni, alinieleza mara tatu. Nikaandika kwenye kitabu changu cha mfukoni na kupiga mstari chini yake. Ndivyo nilivyo. Kazini sijarudishiwa barua kwa kosa hata siku moja.

Jana lori la Njombe lilifika Makambako jua likiwa linazama. Nilikusudia kulala kwenye nyumba ya wageni, lakini baba yake Eliza alikuwa barabarani akipakia mahindi. Aliniona kabla sijajificha.

“Kamwene, mkwe. Unapita kwangu kama unapita kwa mbwa?”

“Hapana, baba. Nina safari ya serikali.”

“Kwani serikali hailali? Twende.”

Wakachinja jogoo. Mama Eliza hakukaa nasi, kwa heshima ya ukwe, lakini nilimsikia nyuma ya mlango wa jiko akiuliza, “Anakula huyo? Au huko bomani wamemzoesha mikate?” Baba Eliza akacheka, akaichukua firigisi kwa vidole vyake na kuiweka juu ya ugali, upande wangu. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Akikupa wewe, amekwisha kusema yote kuhusu binti yake. Ukiirudisha, umemrudisha binti.

Ningeweza kusema naumwa. Lakini angeuliza naumwa wapi.

Nikala.

Nikala firigisi, nikala paja, nikamaliza ugali, nikanawa na kushukuru. Kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Leo asubuhi mpasuaji alinilaza kwa ubavu, akaingiza bomba, akalitoa upesi. Akauliza nani amenilisha. Nikasema sikuambiwa nisile.

Ewe daftari langu, uongo huo ndio niliokaa hapa kuuandika. Niliusema kwa Kiingereza safi. Mpasuaji akamgeukia Baba Simoni, akamfokea mbele ya wagonjwa, mtu mwenye mvi, naye akatazama sakafu. Kiingereza chake hakitoshi kujitetea.

Baadaye mzee huyo aliniletea maji ya moto ya kuoga.

“Mwanangu, nilikuambia mara tatu.”

“Ndiyo, baba.”

“Sasa ulikuwa unamdanganya nani? Yule kesho anakwenda zake. Tumbo ni lako.”

Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

Saa sita nilimfuata mpasuaji, nikamwambia ukweli. Alinisikiliza huku akinawa mikono. Akasema atamwomba dresa radhi. Kuhusu mimi, kesho ana wagonjwa wanaomngoja, na mchana gari lake linaondoka. Nirudi baada ya miezi miwili. Nikauliza kama miezi miwili ni mingi kwa ugonjwa wangu. Alikausha kidole kimoja kimoja kwa taulo.

Tangu hapo najaribu kusali na maneno hayaji. Naweka mkono tumboni, upande wa kushoto, na kufikiri kwamba kitu kile nacho kilikula jana.

Na kuna jambo jingine, ambalo Baba Simoni amenikumbusha. Hapa hawampasui mtu asiye na ndugu wa kumuuguza, kumpikia na kumfulia. Safari hii nilikuja peke yangu, nikitumaini hawataniuliza. Wazazi wangu wako Matembwe. Baba hawezi tena kutembea, na mama hawezi kumwacha. Watu walio karibu nami huku ni hao wa Makambako tu. Kwa hiyo lazima wajue, pamoja na habari ya tundu. Nani atamwoza binti yake kwa mtu wa namna hiyo? Mimi mwenyewe nisingemwoza dada yangu.

Sina matumaini leo. Naandika hivyo ili nisijidanganye tena.

Lori la kurudi Njombe hupita hapa asubuhi. Nitashuka Makambako. Nitamwambia baba yake Eliza yote nikiwa nimesimama mlangoni, kabla hajaniletea kiti. Nikishakaa, najijua, sitasema.