Koki kwenye Mlango wa Pafu

Jumatatu, 9 Juni
Chuo cha afya cha binti yangu hakina mapafu ya kufundishia. Ya plastiki ni ghali. Akanyoosha kidole darasani: mama yangu fundi bomba, atatengeneza! Hakuniuliza. Mwaka jana aliwaambia wenzake eti nafanya kazi ofisini! Mtihani wake wa mdomo Ijumaa, juu ya mapafu hayohayo. Nimenuna kidogo. Kisha nikaenda kulipasua godoro kuukuu.

Jumanne, 10 Juni
Mapafu mawili ya sponji tayari. Kila moja lina mlango mmoja, na kila kitu kinapita hapo: bomba la hewa inchi moja, ateri robo tatu, vena mbili za nusu. Ateri ya buluu inaleta damu iliyochoka, vena nyekundu zinairudisha ikiwa imepata hewa. Kama hita ya maji, basi: ya baridi yanaingia, ya moto yanatoka! Mlango nimeuweka ubavuni, kwa nje, spana ifike.
Binti akashika kichwa. Mama, mlango hutazama ndani, kwenye moyo!
Na likivuja, fundi anapitia wapi?
Anapasua kifua, Mama.
Nikasema aliyepanga hivi hajawahi kushika spana. Halafu nikaomba radhi haraka sana, maana namjua aliyepanga.

Jumatano, 11 Juni
Nimehamisha milango. Mapafu yamefanana kama mapacha — kazi safi! Binti: hayatakiwi kufanana! Kulia ateri inakaa mbele ya bomba la hewa, kushoto inalipanda juu. Na la kushoto ni dogo, moyo umelibana. Miaka kumi na tisa ya kufunga mabafu, sijapewa ramani ya ovyo namna hii. Nimefumua. Baba yake anacheka jikoni, ati mke wangu kafeli anatomia. Yeye, ambaye balbu ikiungua anaita mtu!

Alhamisi, 12 Juni
Pafu la kulia limepotea!! Nimelikuta chini ya kichwa cha mume wangu, anakoroma. Ati shingo inamuuma. Vena zote mbili zimepinda. Nimezing'oa, nimefunga mpya mbiombio. Mate yake nimeyafuta.

Ijumaa, 13 Juni
Niko kwenye benchi nje ya darasa, dirisha wazi. Binti anasimulia kama maji: mlango, ateri, vena, kulia, kushoto. Mtahini anauliza nani katengeneza. Mama yangu, ni fundi bomba, yule pale nje! Vichwa vyote vimegeuka. Nimekaa wima kama bibi harusi.

Mtahini anainama. Na hii nyeusi kwenye vena ya chini?

Mungu wangu. Koki! Nimefunga koki! Jana, haraka haraka, mkono wenyewe — mimi siachi bomba bila koki.

Binti anaiangalia koki. Ananitazama. Namwonyesha kwa mkono: sema mama kakosea, ujiokoe! Anageuka. Mwilini haipo, mwalimu, anasema. Ila fundi mzuri haachi bomba bila koki.

Darasa linacheka. Mtahini hacheki. Ameizungusha koki mpaka mwisho. Haya, binti wa fundi: vena hii ikizibwa hivi, pafu linakuwaje?

Natamani kupiga kelele: jibu analijua! Mtoto huyu amenishikia tochi chini ya masinki tangu darasa la pili!

Anavuta pumzi. Anaweka kidole kwenye koki. Nyumbani kwetu, anasema, ukifunga upande wa kutokea wakati maji bado yanaingia, presha inapanda mpaka maungio yanavuja. Pafu nalo litajaa maji, mwalimu.